Kumuuguza mama aliyetolewa kizazi

Wewe uliyepangiwa wodi ya wanawake kwa mara ya kwanza, kazi yako inaanza jioni ya kuamkia upasuaji. Mama anayetolewa kizazi kwa sababu ya uvimbe haogopi kisu peke yake. Anawaza mumewe, anawaza mawifi watasemaje. Vuta pazia, kaa, mwache aulize. Kama amekuja na shangazi, mwombe shangazi akanunue maji kwanza. Si kila mgonjwa anataka ndugu wayajue yake.

Mweleze atakayoyakuta baadaye: dripu mkononi, mpira wa mkojo, pedi. Kama ni ganzi ya mgongo, mwambie miguu itakuwa mizito kwa saa kadhaa. Asiyeambiwa hudhani amepooza, na hofu hiyo haina sindano.

Akirudi kutoka thieta, mfunike vizuri, kisha ndiyo upime presha na mapigo, uangalie mkojo na pedi. Pedi ikilowa chapachapa ndani ya saa moja, mwite daktari hapo hapo.

Sasa maumivu. Dawa iliyoandikwa kila saa sita itolewe kila saa sita, usingoje mpaka alie. Akina mama wetu wamefundwa kuvumilia. Ukimuuliza "unaumwa?" atakujibu "kidogo tu, sista," na huku ameng'ang'ania chuma cha kitanda. Mimi huwaambia wakohoe kidogo huku nikiwatazama uso. Uso hausemi uongo.

Kabla hajakohoa, kunja kanga yake mara nne, uiweke juu ya mshono, aikandamize kwa viganja viwili. Mto ni mzuri pia, ila kwenye wodi yetu mito haitoshi, na kanga kila mama anayo.

Kumwinua usimvute mikono. Akunje magoti, ageukie ubavu, ashushe miguu, ajisukume kwa kiwiko huku umemshika mgongoni. Akae kwanza ukingoni kizunguzungu kipite. Kama hana tatizo jingine, atembee ndani ya saa 24, na mpira wa mkojo utoke mapema daktari akiruhusu. Kutembea kunasaidia tumbo lililojaa hewa na kunapunguza hatari ya damu kuganda miguuni. Habari ya kutoa hewa muulize kwa sauti ya chini. Wengine wataona haya mbele ya wodi nzima, hasa bibi zetu.

Siku ya kuruhusiwa, yaseme wazi: asibebe ndoo ya maji kwa wiki sita hivi, na tendo la ndoa lisubiri mpaka daktari amwone tena. Arudi haraka akipata homa, usaha, damu nyingi au mguu mmoja kuvimba. Muulize kama anataka mumewe awepo unapoyasema hayo. Wengi hupenda yatoke kinywani mwa sista, maana wakienda kuyasema wenyewe nyumbani wanaambiwa ni visingizio.