Jinsi ya kusoma Mwana Kupona bila kumjibia kabla hajasema

Hii ni kwa nyinyi mnaosoma fasihi ama historia huku Malindi na Lamu na kila mwaka mnaleta insha ile ile, Mwana Kupona, yule aliyetunga utenzi wa kumuusia bintiye, alikuwa mwanamke mtiifu, kwisha. Hilo umelisoma ama ulikuja nalo kutoka nyumbani?

Kabla hujafungua utenzi, chukua penseli uandike pembeni unavyodhani mwanamke wa Siyu, kule kisiwa cha Pate, wa 1858, mwaka utenzi ulipotungwa, alikuwa vipi. Usione haya, andika tu, "hajasoma", "anamuogopa mume", chochote. Halafu ndo usome, na kila ubeti unaokataa ulichoandika upigie mstari. Mstari wa kwanza utaupiga mapema sana, maana nasaha hata hazijaanza mama anamwita bintiye aje akae karibu na wino na karatasi. Hebu simama hapo. Mama ni mgonjwa, maradhi yamemshika mwaka mzima, na anataka binti aandike, yani huyo msichana kalamu anaijua, lakini sisi hapo tunapita mbio tukimbilie beti za kumkanda mume na kumpepea akilala, kwa sababu ndizo tulizokuja kuzitafuta.

Ukifika kwa hizo beti, zisome kama zimetungwa na mzee wa kiume anamuusia mwanawe anayekwenda kumtumikia sultani. Akilala usimuamshe, usimbishie, mtunze kama mtoto asiyejua kusema. Ungesema mzee mtiifu, ama mzee mjanja anajua kukaa na wakubwa? Na huyo anayetunzwa kama mtoto asiyejua kusema, kati ya hao wawili nani ndo mwenye akili ya nyumba? Jibu likibadilika kwa sababu mtunzi amekuwa mwanamume tu, basi ubeti hauna kosa.

Ila msiniruke upande wa pili, siku hizi kuna wanaosema utenzi wote ni kejeli, bibi alikuwa anawacheka waume. Mi hainiingii. Mjane mgonjwa anayejiombea dua na kuwaombea wanawe ndani ya utenzi huo huo, kejeli yake nioneshe iko ubeti gani.

Kwa historia kuna njia nyepesi zaidi, linganisha anachoitwa mtu na alichofanyiwa. Mekatilili wa Menza, mwanamke aliyewaongoza Wagiriama kuwapinga Waingereza, pamoja na sanamu yake hapa Malindi, bado utasikia ati alikuwa kikongwe mpiga ngoma tu. Sawa, mbona 1913 Waingereza walimkamata wakampeleka mpaka Kisii, akatoroka akarudi kwao, na 1914 wakailipua Kaya Fungo, mahali patakatifu pa Wagiriama, kwa baruti? Serikali haihangaiki hivyo na ngoma. Na usimfute Wanje wa Mwadorikola, mzee wa Kigiriama aliyekamatwa pamoja naye, kuna wanaomuacha nje ili stori iwe tamu.

Mwisho angalia majina. Mwana Kupona binti Mshamu utamkuta anatambulishwa "mke wa Bwana Mataka", mtawala wa Siyu, lakini Bwana Mataka sijawahi kumuona akitambulishwa "mume wa Mwana Kupona", na anayesomwa mpaka leo ni mke! Kwenye insha yako muanze na jina lake na utenzi wake, huyo mume mtaje pale anapohitajika, kwenye vita vya Siyu na Sayyid Said, sultani wa Zanzibar.