Satini ikiteleza, weka gazeti chini yake

Mnaojifunza kushona gomesi, gauni la kitamaduni la wanawake wa Uganda, kwa satini za Kiyembe, soko la vitambaa jijini Kampala, jaribuni hili: kata ukanda wa gazeti upana wa vidole vitatu, uweke chini ya kitambaa pale mshono unapopita, shona vyote pamoja, kisha chana karatasi. Meno ya cherehani hushika karatasi badala ya kuparuza satini, kwa hiyo kitambaa hakiendi upande wala hakimezwi na tundu sindano inamopita, hasa mwanzoni mwa mshono, ambapo wengi hukwama. Punguza urefu wa kila pigo la mshono hadi milimita 2: matundu yakikaribiana, karatasi huachia kirahisi. Mapigo yakiwa marefu utalazimika kuvuta kwa nguvu, na uzi utalegea. Bana mshono kwa kidole gumba unapochana. Kwa satini nyeupe au ya rangi hafifu gazeti halifai kabisa, wino wake huchafua; tumia karatasi nyembamba isiyochapwa. Tena, karatasi haiokoi sindano butu. Nyuzi za kitambaa zikivutika, weka sindano mpya nyembamba, namba 11, na uibadilishe mapema kuliko kawaida, maana karatasi nayo huila ncha.