Droo ina hela, faida iko wapi? Hesabu za duka la mtaani kwa daftari moja

Maduka mengi mtaani ukifika kaunta unakuta kibandiko "mali bila daftari huisha bila habari", ukiuliza daftari lenyewe unaoneshwa lile la wanaokopa sukari. Hilo ni muhimu ila halitoshi. Tuchukue duka la mangi la kawaida hapa Dar, fremu ya kupanga, mzigo unatoka Kariakoo, tulifungie hesabu za mwezi wa sita mwanzo mpaka mwisho. Namba ni za mfano, we weka zako.

Nunua daftari kubwa la kaunta uligawe sehemu tano: mauzo, manunuzi ya mzigo, matumizi ya duka, madeni (unaowadai na wanaokudai, kurasa tofauti), na nyumbani. Hiyo ya mwisho watu hawaipendi kabisa ila ndo inayoua maduka, kwa hiyo usiiruke. Kila hela ikitoka au ikiingia andika palepale, tarehe, kitu gani, shilingi ngapi, usisubiri usiku maana usiku utakumbuka mchele wa gunia utasahau bodaboda ya elfu tatu.

Mauzo yaandike yote, ya taslimu, ya lipa namba na ya mkopo. Mama jirani akichukua mafuta ya elfu nne atalipa mwisho wa mwezi, hayo ni mauzo ya leo, andika kwenye mauzo halafu andika na jina lake kwenye madeni, siku akilipa unapunguza deni tu, usiandike mauzo tena maana utakuwa umeuza mafuta hayohayo mara mbili. Kama una uwakala wa kutoa na kuweka hela, floti ikae na daftari lake kabisa, mteja akitoa laki mbili hujauza laki mbili, mauzo yako pale ni kamisheni tu. Na mkopo ukiingia, uwe wa vikoba au wa kausha damu (ule wa riba kubwa), sio mauzo, ni deni, na ukirejesha, riba ndo inakaa kwenye matumizi, ile hela uliyokopa unapunguza deni.

Jioni kabla hujafunga hesabu droo. Hela ya asubuhi, jumlisha iliyoingia, toa iliyotoka, ilingane na iliyopo. Ikipungua mia tano haina shida sana, andika "pungufu" uendelee, ila ikipungua kila siku anayokaa kijana peke yake, hapo una mazungumzo ya kufanya.

Sasa faida. Watu wengi wanachukua mauzo wanatoa manunuzi wanasema hii faida, hapana, kwa sababu mzigo ulionunua mwezi huu haujaisha wote na baadhi ya ulivyouza ulinunua mwezi wa tano. Lazima uhesabu stoku. Tarehe 30 usiku funga mlango, wewe na mtu mmoja, mmoja anataja mwingine anaandika, mchele kilo ngapi, soda kreti ngapi, sabuni, viberiti, kila kitu kwa bei uliyonunulia, SIO ya kuuzia, na vilivyoharibika usivihesabu.

Duka letu lilianza tarehe 1 likiwa na stoku ya 2,400,000. Likanunua mzigo wa 4,100,000 humo na kirikuu (kigari cha mizigo) cha kuuleta (usafiri wa mzigo unaingia kwenye bei ya mzigo). Mwisho wa mwezi ikabaki stoku ya 2,750,000. Kwa hiyo vitu vilivyouzwa viligharimu 2,400,000 + 4,100,000 − 2,750,000 = 3,750,000. Mauzo yote ni 4,480,000. Toa, unapata faida ghafi 730,000.

Hapo usishangilie. Matumizi: kodi ya fremu 100,000, LUKU 40,000, kijana 150,000, mifuko na taka na ulinzi shirikishi 30,000, makato ya simu 15,000. Halafu kuna friji, ilinunuliwa 900,000 tukaipa maisha ya miaka mitano, kwa hiyo kila mwezi inachakaa 15,000 hata kama hakuna hela iliyotoka. Jumla 350,000. Inabaki 380,000.

Bado TRA, yaani kodi ya mapato. Kwa viwango vya Sheria ya Fedha ya 2022 duka lenye mauzo ya kati ya milioni 11 na milioni 100 kwa mwaka linalipa asilimia 3.5 ya mauzo, narudia, ya mauzo, upate faida usipate, na unalipa kwa awamu nne kwa mwaka (bajeti hugusa viwango, ulizia vya mwaka ulionao). Duka letu linaenda kama milioni 54 kwa mwaka, kwa hiyo limo. 3.5% ya 4,480,000 ni 156,800, itenge kila mwezi kama deni usingoje awamu ifike ukaanza kukimbizana. Faida halisi sasa ni 223,200.

Kwenye ukurasa wa nyumbani mwenye duka alichukua 250,000. Yaani alikula faida yote na 26,800 ya mtaji, na wala hakujua, maana kila siku droo ilikuwa na hela.

Na hela yenyewe? Ilianza 300,000. Wateja wakaleta 4,300,000 taslimu na lipa namba, waliokopa zamani wakalipa 60,000. Mzigo ulilipiwa 3,900,000 (soda ya 200,000 ilichukuliwa kwa mali kauli, uza kwanza ulipe baadaye), matumizi 335,000 (ile 15,000 ya friji haikutoka kama hela), nyumbani 250,000. Imebaki 175,000. Mtu akiona hivyo anasema kijana ananiibia, kumbe hela imehamia kwenye stoku iliyoongezeka 350,000 na kwenye mikopo mipya ya wateja 180,000. Kabla hujamgombeza mtu angalia rafu.

Mwisho unafanya mizania, picha ya duka usiku wa tarehe 30. Upande wa mali: hela 175,000, stoku 2,750,000, unaowadai 210,000 (walikuwa 90,000), friji 585,000 baada ya kuchakaa. Jumla 3,720,000. Upande wa pili: deni la soda 200,000, deni la TRA 156,800, na mtaji. Mtaji ulianza 3,390,000 (hela 300,000, stoku 2,400,000, unaowadai 90,000 na friji 600,000), ongeza faida 223,200, toa ya nyumbani 250,000, ni 3,363,200. Jumlisha, 3,720,000. Zikigoma kulingana, mara nyingi kuna deni lililolipwa halikufutwa, au kitu kilienda nyumbani hakikuandikwa. Sukari ya nyumbani dawa yake rahisi: toa hela kwenye mgao wa nyumbani uweke droo kama mteja mwingine, mke au mume atanuna wiki ya kwanza tu.

Mwezi wa saba duka hili linaanza na mambo mawili: nyumbani ishuke ifike 200,000, na wale wa 210,000 wakumbushwe mmoja mmoja kabla hawajakopeshwa tena hata kiberiti. Stoku ya kuanzia ni hiyohiyo 2,750,000, huhesabu upya asubuhi.