Kutoa nakshi kwenye kisu cha Damaski: tindikali kwanza, kahawa baadaye

Kisu cha Damaski kikitoka kwenye msasa utadhani ni kisu cha kawaida. Kinang'aa chote, nakshi huioni. Tindikali ndiyo huitoa. Nazungumzia Damaski ya tabaka za vyuma tofauti zilizofuliwa pamoja, ile aliyoirudisha Mmarekani William Moran alipoonyesha visu vyake mwaka 1973, si ile ya kale ya India ambayo nakshi yake ilitokana na chuma chenyewe kilichoyeyushwa ndani ya chungu.

Mimi hufua spring ya gari pamoja na msumeno wa kuchania magogo. Spring huwa nyeusi kwenye tindikali. Msumeno wenye nikeli, asilimia 2 hivi, hukaidi na kubaki mweupe. Lakini si kila msumeno una nikeli. Kabla hujamaliza gunia la mkaa, kata kipande cha kila chuma, vitumbukize pamoja dakika 10, uone kama rangi zinaachana.

Hatua ya 1: Msasa

Hapa ndipo penye kazi. Kisu kiwe kimeshazimwa kwenye mafuta na kulegezwa kwenye oveni, maana chuma kilichokomaa hushika weusi kuliko kilicho laini. Mpini usiufunge bado. Makali yaache na unene wa nusu milimita hivi, la sivyo tindikali itayala.

Anza namba 220, kisha 400, 600, 800, umalizie 1000. Kila namba isugue kwa kukatisha mistari ya namba iliyotangulia, na ile ya mwisho ivute kwa urefu wa bapa, kuelekea upande mmoja tu. Kunja msasa kwenye kipande cha mbao ngumu. Kidole huchimba mabonde. Halafu simama dirishani, ulaze kisu kwenye mwanga ukigeuze polepole. Mkwaruzo mmoja wa 220 uliousamehe sasa, tindikali itauandika kwa wino mweusi katikati ya nakshi yako. Nimerudia kisu kizima zaidi ya mara moja kwa sababu hiyo.

Hatua ya 2: Kuchanganya

Ninayoiita tindikali ni kloridi ya feri, ile ile ya mafundi wa elektroniki ya kutengenezea bodi za saketi, na kwenye maduka yao ndiko utakakoipata. Kama ni ya maji, sehemu 1 kwa sehemu 4 za maji yaliyotoneshwa, yale yanayouzwa kama maji ya betri. Kama ni madonge ya manjano, gramu 200 kwa lita. Tia dawa kwenye maji kidogo kidogo, kamwe usimwagie maji kwenye dawa, maana hupata moto. Ukiagiza maji ya betri dukani, sema wazi unataka maji matupu. Wengine watakupa asidi.

Chombo changu ni bomba la plastiki la inchi 3 lililozibwa chini, lenye kifuniko juu. Vaa glavu na miwani, fungua milango. Kifuniko usikisahau: mvuke wake uliwahi kunishikia kutu tupa zote za ukutani kwa usiku mmoja.

Hatua ya 3: Kutumbukiza

Osha kisu kwa sabuni, kisha kifute kwa asitoni, kimiminika cha kuondoa mafuta. Baada ya hapo bapa haliguswi. Niliwahi kuligusa mara moja tu, na alama ya dole gumba ikajichora pale, mistari yake yote inahesabika. Penye muhuri wako paka rangi ya kucha.

Kining'inize kwa waya uliovikwa plastiki, dakika 10. Kitoe, kisuuze, futa ule ukungu mweusi kwa msasa wa 1500 na maji, kirudishe. Mara tatu au nne. Ukipitisha ukucha uhisi miinuko na mabonde ya tabaka, inatosha. Kukiacha saa nzima bila kukifuta ni uvivu. Kinatoka na madoa.

Mwishowe kizamishe kwenye maji yenye magadi, yale ya kulainishia maharage, dakika 10, ili tindikali iliyobaki ife.

Hatua ya 4: Kahawa

Weusi wa tindikali ni wa kijivu na hufutika. Weusi wa kina hutoka kwenye kahawa. Koroga gramu 50 za kahawa ya unga inayoyeyuka kwenye lita moja ya maji ya moto, bila sukari, uache ipoe kabisa. Mimi hutumia Africafe. Safisha kisu tena kwa asitoni, kizamishe usiku kucha. Asubuhi kisuuze bila kusugua, kikauke chenyewe, kisha pitisha msasa wa 2000 mara mbili au tatu kwa wepesi, ukiwa kwenye kibao. Nikeli itang'aa, mabonde yatabaki meusi tii.

Paka nta ya nyuki, funga mpini, ndipo utie makali.

Tindikali iliyochoka usiimwage kwenye sinki. Itie magadi mpaka iache kutoa povu, iache itulie, tope uliweke kando.

Mteja mwambie ndimu ni adui wa kisu hiki. Mama mmoja alinirudishia chake baada ya sherehe, kimekatia kachumbari ya watu wengi, kina mabaka meupe. Sikukigusisha tindikali tena. Sabuni, asitoni, usiku mmoja ndani ya kahawa, akakichukua kesho yake.