Kufundisha Kiingereza cha kiufundi kwa wanafunzi wa uhandisi, hatua kwa hatua

Muhula wangu wa kwanza katika kitivo cha uhandisi niliingia darasani na zana zote za mwalimu wa lugha: nyakati za vitenzi, kauli ya kutendwa, insha ya maneno 300 kuhusu faida na hasara za teknolojia. Wanafunzi wakafaulu mtihani. Kisha mmoja wao, tena wa alama za juu, akaniletea ripoti yake ya karakana niipitie. Aliandika kwamba pampu "had some problems". Nikamuuliza, matatizo gani? Akanieleza kwa Kiswahili bila kusita: beringi ya upande wa mota inasaga, joto linapanda baada ya dakika kumi hivi, mafuta yanavuja kwenye sili. Yote alikuwa anayajua. Hakuna hata moja lililofika kwenye karatasi.

Tangu siku hiyo andiko la kiufundi nalipima kama mashine inavyopimwa: mpe mtu mwingine alitumie, uone kama linafanya kazi. Hatua hizi zote zinatokana na hapo.

Hatua ya 1: Wakalishe mgongo kwa mgongo

Kipindi cha kwanza usiandike kitu ubaoni. Panga wanafunzi wawili wawili, wapeane mgongo. Mmoja mpe mchoro wa kipande rahisi: bamba la chuma lililokunjwa kwa umbo la L, lenye matundu mawili ya kipenyo cha milimita 8, kona moja imekatwa mshazari. Mwenzake awe na karatasi tupu, penseli na rula. Mwenye mchoro anaeleza kwa Kiingereza tu, na anayechora haruhusiwi kugeuka. Dakika 10.

Kabla dakika haijaisha utasikia "put a hole here". Hapa wapi? Mchoraji hana macho kisogoni, kwa hiyo anatoboa katikati na kuendelea. Wewe zunguka na daftari, nakili sentensi kama zilivyosemwa, usisahihishe lolote. Muda ukiisha, bandikeni michoro kando ya mchoro asilia. Watacheka, waache wacheke. Ndipo uwasomee zile sentensi ulizonakili na uulize neno gani lingewaokoa. Orodha itatoka kwao wenyewe: edge, centre line, diameter, parallel to, distance from. Huo ndio msamiati wa wiki ya kwanza, na hutahitaji kuwakaririsha, maana kila mmoja anakumbuka aliumbuka wapi kwa kuukosa.

Raundi ya pili, mruhusu anayechora aulize maswali. Hapa ndipo penye kazi kubwa zaidi. Miaka yote hiyo wamezoezwa kujibu maswali ya Kiingereza, kuuliza hawajazoezwa. "How far is it from the left edge?" ni sentensi ndogo, lakini nimeona wanafunzi wa mwaka wa tatu wakiitafuta kwa nusu dakika.

Hatua ya 2: Kitu kimoja, jina moja

Insha za shuleni zilituaminisha kwamba kurudia neno ni umaskini wa lugha. Kwenye maelekezo ya kazi, kutorudia ndiko kunakoleta hasara. Mwanafunzi akiandika "valve" mstari wa kwanza, "tap" wa tatu na "control device" wa tano, fundi atatafuta vifaa vitatu.

Waonyeshe ASD-STE100, kiwango cha Kiingereza cha kiufundi kilichorahisishwa, kilichozaliwa kwenye matengenezo ya ndege. Kamusi yake ina maneno yapata 900 yaliyoidhinishwa, ukiacha majina ya kiufundi, na kila neno limefungwa kwenye maana yake. "Follow" ni kuja baada ya kitu, basi. Kutii maelekezo ni "obey". Sishauri ukifundishe chote, utawachosha na wewe utachoka. Chukua sheria tatu: sentensi ya maelekezo isizidi maneno 20, sentensi moja ibebe tendo moja, na nomino zisirundikane zaidi ya tatu.

Hiyo ya tatu inatusumbua sisi kwa namna ya pekee. Kiswahili kinaunganisha kwa uwazi: kifuniko cha chujio la pampu ya mafuta. Kila kiungo kinakuonyesha kipi ni cha kipi. Kiingereza kinapanga kinyumenyume, "oil pump filter cover", na mwanafunzi anayetafsiri kichwani anakuletea "cover filter pump oil". Mfundishe kulipasua rundo: "the cover of the oil pump filter". Si sentensi ya kupendeza, lakini haimpotezi mtu.

Hatua ya 3: Sharti litangulie tendo

Linganisha hizi mbili:

"Close valve V2 if the pressure is more than 6 bar."

"If the pressure is more than 6 bar, close valve V2."

Kisarufi zote ni safi. Ila mtu aliyeshika gurudumu la vali hasomi sentensi nzima kwanza, anatenda huku anasoma. Akifika kwenye "if" ameshafunga. Onyo nalo ni hivyo hivyo: likae juu ya hatua ya hatari, sio chini yake.

Zoezi: kila kikundi kiandike maelekezo ya kubadilisha betri za tochi, kisha mtu wa kikundi kingine ayatekeleze kwa ukaidi, yaani afanye kilichoandikwa tu na asiongeze akili yake. Kikundi kimoja kiliandika "insert the batteries". Mtekelezaji akazitia zote kichwa chini, akafunga, akabonyeza swichi, akawatazama kimya. Walibishana naye dakika tano kwamba "kila mtu anajua", halafu wakaongeza mstari kuhusu upande wa chanya.

Hatua ya 4: "Inaweza" moja, maneno mengi ya Kiingereza

Neno "inaweza" linabeba mzigo mkubwa kwetu. "Mota inaweza kuzimwa" ni ruhusa, au ni uwezo wa mashine? Kwenye viwango vya ISO, shirika la kimataifa la viwango, maneno haya yamegawiwa kazi: "shall" ni lazima, "should" ni pendekezo, "may" ni ruhusa, "can" ni uwezekano. Wape sentensi moja, waipitishe kwenye maneno yote manne, na kila mara waseme nani atawajibika kama jambo hilo halikufanyika. Mwanafunzi aliyeandika "the guard should be in place" akiwa na maana ya lazima atajigundua mwenyewe.

Hatua ya 5: Namba na vizio

Hii ni fupi, ila usiiruke. Septemba 1999 NASA ilipoteza chombo cha Mars Climate Orbiter kwa sababu programu moja ya kompyuta huku duniani ilitoa takwimu za msukumo kwa pauni-sekunde, huku waliozipokea wakizichukua kuwa nyutoni-sekunde. Wafundishe kutenganisha namba na kizio kwa nafasi, na kutofautisha mW (miliwati) na MW (megawati), ambazo zinapishana mara bilioni. Kwa mdomo, "fifteen" na "fifty" wazitaje tarakimu mojamoja. Na saa! Mwanafunzi anayewaza saa mbili asubuhi anaweza kuandika 2:00 kwenye daftari la hitilafu. Waandike 08:00, kwa mfumo wa saa 24.

Hatua ya 6: Kichwa cha slaidi kiwe sentensi

Januari 2003, chombo cha anga cha Columbia kikiwa bado kwenye mzunguko, wahandisi waliandaa slaidi kuhusu kipande cha povu gumu la kuhami joto kilichobanduka kwenye tangi la mafuta na kugonga bawa wakati wa kuruka. Kichwa cha slaidi moja kilielekea kutuliza wasiwasi. Chini kabisa, kwenye mstari wa mwisho, ndiko kulikokuwa na jambo lenyewe: ujazo wa kipande ulikadiriwa inchi za ujazo 1920, wakati cha majaribio kilikuwa 3. Tarehe 1 Februari chombo kilisambaratika kikirejea, na wanaanga wote saba wakafa. Bodi ya uchunguzi ilikosoa mazoea ya kutumia slaidi mahali palipohitaji ripoti ya kiufundi.

Darasani nawapa zile namba mbili tu na kuwaambia: andikeni kichwa. Mara ya kwanza wanaandika "Foam Analysis". Nawarudisha. Mara ya pili, "Important Difference in Volume". Nawarudisha tena. Mara nyingi ni jaribio la nne ndipo mtu anaandika: "The foam that hit the wing was 640 times larger than the foam in our test." Sentensi hiyo ikikaa juu, hakuna bosi wa kuipita bila kuiona.

Hatua ya 7: Kalamu mbili za kusahihishia

Usijaze karatasi wino mwekundu. Mimi natumia kalamu nyekundu kwa kosa linalobadilisha kazi, na penseli kwa mengine yote. "The pressure increase to 20 bar" ni penseli, maana herufi iliyokosekana haimdhuru mtu. "The pressure increased by 20 bar", ilhali ilipanda hadi 20, ni nyekundu. Alama zinakatwa kwa nyekundu peke yake. Walimu wenzangu wa lugha hunilaumu kwa hili, na mjadala wetu haujaisha.

Yule wa pampu nilimrudishia ripoti yake aiandike upya kama alivyonieleza kwa mdomo. Akaleta mistari mitatu: "The bearing on the motor side makes a grinding noise. Its temperature increases after 10 minutes. Oil leeks from the shaft seal." Ile "leeks" niliizungushia penseli.