Kijiko cha oili kabla ya kushusha injini

Wenye pikipiki hapa Tabora, kiki ikilegea (ukiipiga inashuka laini bila kukaza) na injini ikakosa nguvu, msikimbilie kuishusha. Puliza kwanza vumbi kuzunguka plagi, maana mchanga wetu ukidondoka ndani unakwaruza silinda. Zima swichi, fungua plagi, tia kijiko kimoja cha chai cha oili ya injini, rudisha plagi, vuta mafuta mpaka mwisho, piga kiki. Kiki ikikaza, ringi za pistoni au silinda imelika: oili imeziba mwanya kwa muda. Ikibaki laini, anza na valvu (milango ya hewa na moshi), kisha gasketi ya hedi (kizibo kati ya silinda na kichwa cha injini). Usizidishe oili, inaweza kupinda konrodi (fimbo inayoshika pistoni). Kwenye silinda iliyolala kipimo hiki cha oili hudanganya, oili hutuama upande wa chini tu. Pistoni iliyotoboka nayo itabaki laini, kwa hiyo mulika tochi kwenye tundu la plagi.