Kuacha sigara huku unatumia dawa za maradhi ya akili

"Mwacheni avute, ndiyo raha yake." Anayeishi na maradhi ya akili huyasikia sana maneno haya, na yanamdhuru. Nikotini, kilevi kilichomo kwenye tumbaku, hupungua nusu mwilini kwa saa mbili hivi, na upungufu huo ndio unaoleta hasira na wahaka. Sigara ya pili inatuliza dhiki iliyoletwa na ya kwanza.

Usiache kimyakimya. Nenda kwanza unakochukua dawa, iwe Kidongo Chekundu, hospitali ya maradhi ya akili Unguja, au hospitali ya karibu nawe Pemba, useme unavuta sigara ngapi kwa siku na unaacha lini. Moshi hulifanya ini livunje upesi baadhi ya dawa, hasa klozapini na olanzapini, kwa hiyo mvutaji huhitaji dozi kubwa zaidi. Ukiacha, dozi ileile huzidi kwenye damu ndani ya siku chache: usingizi mzito, kizunguzungu, mate kukujaa, na kwa klozapini hata kifafa. Daktari ndiye apunguze, si wewe. Kinachofanya hivyo ni moshi, si nikotini, kwa hiyo vibandiko na chingamu za nikotini havizuii jambo hili. Ukirudia kuvuta, sema pia, maana dawa itapungua nguvu.

Kahawa nayo huvunjwa kwa njia hiyohiyo. Kama barazani unakunywa vikombe vinne, viwe viwili. Vinginevyo moyo utakwenda mbio, usiku hulali, na watu watadhani maradhi yamerudi.

Wiki moja kabla, andika kila sigara: saa ngapi, na nini kilitangulia. Ugomvi wa nyumbani? Chai? Kusemwa njiani? Kwa kuwa sigara huuzwa moja moja, mwombe mwenye duka la mtaani asikuuzie. Siku ya pili na ya tatu ndizo nzito. Kero huendelea wiki mbili hadi nne. Hamu ikikupanda, haidumu ila dakika chache: kunywa maji, weka karafuu moja mdomoni, ondoka hapo ulipo. Ugoro na tambuu yenye tumbaku si badala, nikotini ni ileile.

Ramadhani inasaidia, kwani mchana mzima umeshajizuia. Hatari iko baada ya futari. Panga mapema utakuwa wapi na nani saa hiyo.

Ukianza kusikia sauti, au kuwaza kujidhuru, nenda hospitali siku hiyohiyo, na usiende peke yako.